Bamvua la Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri nasoma mti wa kupimia maji,
tochi mdomoni, kalamu sikioni.
Mwaka wa kumi na tisa huu nausoma,
mti wa chuma uliochomekwa mdomoni mwa ghuba, Virginia,
karibu na gati zinapofungwa manowari.
Sijawahi kuufundisha la kusema.
Husema wenyewe: sentimita, sentimita.
Tangu nianze kazi maji yamepanda
upana wa kiganja changu, na kidole juu yake.

Admirali Prewitt alizibeba namba hizo hadi Washington,
akazilaza mbele ya kamati
kama daktari anayelaza majibu ya damu.
Akasema nyaya za umeme wa meli zinapita chini ya gati,
bamvua likija tunazizima,
na meli iliyozimiwa nyaya haiondoki siku inayotakiwa.
Akasema: adui yetu hana haja ya kombora,
kalenda ya mwezi inamtosha.
Hakuna aliyecheka.
Seneta Ruckert alitazama saa yake.
Alikuwa na chai ya maombi saa tatu,
wageni elfu mbili, wote wameandikishwa kupiga kura.

Jumatano fungu la gati likafutwa kwenye bajeti
kwa tofauti ya kura moja. Yake.

Jumapili akasimama kanisani kwetu.
Ndiyo, kwetu. Mimi hukaa safu ya sita, upande wa feni.
"Mungu alimwahidi Nuhu," akasema,
"na upinde ndio sahihi yake.
Mimi ni nani niitilie shaka sahihi ya Mwenyezi
kwa namba za watu wasiosali?"
Ukumbi mzima ukainuka.
Nikaziona kura zikipiga makofi,
kura zenye kofia za Jumapili,
kura zenye watoto begani,
kura ya Mama Eulalie aliyenifundisha Zaburi.
Mikono yangu ilibaki mapajani,
inanuka chumvi.

Msinielewe vibaya. Nasali.
Nasali kila nishukapo ngazi ya gati,
maana imeota ukungu wa kijani na inateleza;
na reli naishika pia.
Sijaona palipoandikwa nichague kimoja.
Nuhu mwenyewe, jamani, alipima:
dhiraa mia tatu, dhiraa hamsini, dhiraa thelathini,
akapaka lami ndani, akapaka na nje.
Huyo ndiye mtu wa imani niliyemsoma mimi,
fundi mwenye kamba ya kupimia mkononi
na mawingu bado hayajakusanyika.

Seneta hamwogopi Mungu.
Anatuogopa sisi,
safu ya kwanza hadi ya mwisho,
na kuogopwa huku tumekuita heshima.
Ufa hatukuuziba. Ukuta hatukuujenga.
Tumetundika bango lake papo hapo penye ufa,
meno meupe, mkono juu ya Biblia,
na unyevu unapanda taratibu kwenye tai yake.

Lakini Jumamosi usiku simu yangu hulia.
Ni Mchungaji Lindgren, sauti chini,
kama mtu anayekopa.
"Dada Verna, samahani kwa usiku huu.
Kesho maji yatafika kwenye maegesho saa ngapi?"
Saa nne na dakika ishirini, namwambia.
"Basi ibada tutaianza mapema. Ubarikiwe sana."
Haniulizi nimejuaje.

Nami asubuhi nikifika nawakuta wahudumu,
suti nyeusi, suruali zimekunjwa hadi magotini,
wanainua nyaya za spika kimyakimya
na kuziweka juu ya matofali.

Matofali matatu.
Mwaka jana yalikuwa mawili.